Anayenunua Barua Ananunua Nini?

Wahenga walinena kwamba barua ni nusu ya kuonana. Msemo huu tumeufundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara tumeufafanua kwa namna ileile: kwamba mtu aliye mbali huja karibu kwa njia ya maandishi yake. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Ikiwa barua ni nusu ya kuonana, basi hapana budi kuuliza nusu hiyo ni ya nani. Je, ni ya aliyeandika, au ya aliyeandikiwa? Ni ya aliyeirithi sandukuni, au ya aliyeinunua sokoni kwa fedha zake halali? Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali hilo, nasi tunaomba radhi mapema kwamba tutalijadili kama watu wenye hatia ndani yake.

Swali lenyewe tuliulizwa na mwanafunzi wetu mmoja, mtu mzima, katika darasa la jioni la Kiswahili hapa Niboye, wilayani Kicukiro, katika jiji la Kigali. Siku hiyo tulikuwa tukifundisha msamiati wa posta: barua, bahasha, stempu, muhuri, anwani. Somo hili huwa jepesi kwa Wanyarwanda, kwa kuwa Kinyarwanda nacho kina *ibaruwa* na *ibahasha*, maneno yaliyovuka mpaka kutoka Kiswahili na kukaribishwa nyumbani. Mwanafunzi huyo alikuwa amesoma mahali fulani kwamba wako watu, hasa huko Marekani, ambao hulipa fedha nyingi kwa bahasha kuukuu isiyo na stempu wala barua ndani, ilimradi nje yake pana sahihi ya mmoja wa viongozi wa mwanzo wa taifa lile. Akauliza: "Mwalimu, bahasha ni tupu. Mtu huyo ananunua nini?" Darasa zima lilicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa sababu tulikuwa na deni letu la bahasha, ambalo tutalieleza hapo mbele.

Kwanza inafaa tueleze vitu hivyo ni vitu gani, maana wasomaji wetu wengi wamezaliwa katika zama za stempu, na vijana wao wamezaliwa katika zama za simu. Stempu ya posta ya kubandika ilianza Uingereza mwaka 1840, na serikali ya Marekani ilitoa stempu zake za kwanza mwaka 1847. Kabla ya hapo gharama ya barua nchini Marekani ilipimwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Bahasha nayo ingehesabiwa kuwa karatasi ya pili, na kwa hiyo watu hawakuitumia. Mwandishi aliikunja karatasi yake, akaifunga kwa lakiri, akaandika anwani mgongoni mwake. Yaani kile ambacho mkusanyaji wa leo anakiita bahasha kilikuwa ni mgongo wa barua yenyewe. Uso na kisogo vilikuwa vya kichwa kimoja.

Viongozi wa serikali walikuwa na haki ya kupeleka barua bila malipo. Alama ya haki hiyo ilikuwa ni jina la kiongozi, alilolitia kwa mkono wake mwenyewe upande wa nje. Ndiyo asili ya sahihi hizo zinazotafutwa leo. Benjamin Franklin, ambaye mwaka 1775 aliteuliwa kuwa mkuu wa posta wa kwanza wa makoloni yaliyoungana, anasimuliwa kuwa alipenda kuliweka neno la Kiingereza lenye maana ya "bila malipo" katikati ya jina lake, akaandika "B. Free Franklin". Kwa kuwa neno hilo lina maana pia ya "huru", sahihi yake ikawa tangazo la siasa lililosafiri bure. George Washington alipoacha urais mwaka 1797, Bunge lilimpa haki hiyo kwa maisha yake yote. Baada ya kifo chake mwaka 1799, haki hiyo akapewa mjane wake, Martha, kwa sheria ya mwaka 1800.

Sasa, mtu anapokitamani kipande cha karatasi kilichoguswa na mkono wa mtu kama huyo, sisi hatuoni kasoro katika tamaa hiyo. Ni hisia ileile inayomfanya mtoto kuihifadhi kofia ya marehemu babu yake. Kasoro huingia pale kitu kinapopimwa kwa uadimu wake peke yake. Mfano ulio wazi ni wa Button Gwinnett, mjumbe wa Georgia, mmoja wa watu 56 waliotia sahihi Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776. Bwana huyu alikufa mwezi Mei mwaka uliofuata kwa jeraha alilopata katika pambano la bastola na hasimu wake. Kwa kuwa hakuishi kuandika mengi, sahihi zake zijulikanazo ni kama hamsini tu, na baadhi yake ziko katika hati za madeni. Kwa kuwa wako wakusanyaji wanaotaka kuikamilisha hesabu ya wale 56, sahihi ya Gwinnett huuzwa kwa bei kubwa kuliko barua nyingi za Washington zenye mawazo mazito. Hati ya deni inaipita hekima kwa bei! Hapo tunaona kwamba soko haliulizi barua inasema nini. Linauliza ziko ngapi.

Na soko likishazoea kutouliza barua inasema nini, mkasi hauko mbali. Katika karne ya 19 ilikuwa ni desturi ya wakusanyaji wengi kuikata sahihi kutoka katika barua na kuibandika katika kitabu cha kumbukumbu, huku maneno yaliyobaki yakitupwa. Hata wasomi hawakusalimika na ugonjwa huo. Jared Sparks, mwanahistoria aliyekabidhiwa hati za Washington ili azichapishe, na ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuta miongoni mwa hati hizo mswada wa hotuba ndefu ambayo Washington aliinakili kwa mkono wake wakati wa kuingia madarakani mwaka 1789, lakini hakuitoa. Sparks aliona kwamba hotuba isiyotolewa haina manufaa kwa historia. Akaikatakata vipande, akavigawa kwa marafiki na waombaji waliotaka mwandiko wa Washington. Tangu siku hizo wataalamu wamekuwa wakivitafuta vipande hivyo kimoja kimoja ili waiunge hotuba, na mpaka leo haijakamilika.

Hatulitaji jambo hili ili kumcheka Sparks. Tunalitaja kwa sababu mtu yule hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa mtu mwema aliyedhani kwamba anajua ni sehemu gani ya karatasi yenye maana na ni sehemu gani isiyo na maana. Hilo ndilo kosa tunalotaka msomaji alitie akilini, maana nasi tulilifanya.

Kinyume chake, yafaa tumtaje William Sprague. Mwanzoni mwa karne hiyohiyo ya 19, alipokuwa kijana akifundisha watoto wa jamaa za Washington, aliruhusiwa kujichukulia barua katika hazina ya marehemu, kwa sharti kwamba kila atakayoichukua aache nakala yake mahali pake. Mtu aweza kubisha, tena kwa haki, kwamba ruhusa yenyewe haikustahili kutolewa. Lakini sharti lile lilikuwa na busara. Kwa kuwa nakala iliachwa, barua ilihama lakini maneno hayakupotea. Kati ya mtu wa mkasi na mtu wa nakala pana tofauti kubwa ya kimaadili, ingawa wote wawili waliisukuma karatasi mikononi mwa watu binafsi.

Pengine msomaji ataona kwamba mambo haya ni ya Wamarekani na hayatuhusu. La hasha. Barua za Kiswahili za kale zaidi zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, nyingine zikitoka kwa Malkia Fatima wa Kilwa na watu wa nyumba yake. Barua hizo haziko Kilwa, wala Dar es Salaam, wala Zanzibar. Ziko Goa, nchini India, katika hifadhi ya nyaraka iliyoachwa na Wareno. Yaani alama ya kwanza ya lugha yetu katika barua tunaidai kwa makarani wa kigeni ambao yamkini hawakuweza hata kuisoma, lakini waliitunza. Vivyo hivyo mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangepotea kama Mwalimu Sikujua hangeyakusanya kutoka vinywani mwa watu, William Taylor asiyahifadhi, na William Hichens asiyachapishe mwaka 1940. Karatasi hizo nazo ziko London. Kwa hiyo hatuwezi kumlaani mkusanyaji kwa jumla. Mchwa, mvua na ufagio wa nyumba vimeharibu maandishi mengi zaidi kuliko yeye. Mkusanyaji huondoa, lakini pia huokoa, na mara nyingi hufanya yote mawili kwa mkono mmoja.

Kadhalika pwani yetu ilikuwa na mawasiliano yake na viongozi haohao wa Marekani. Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Mwaka 1840 alipeleka jahazi lake *Sultana* hadi New York, likiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Pamoja na bidhaa za kuuza, jahazi lilichukua zawadi kwa Rais Martin Van Buren, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Rais hakuweza kuzipokea kuwa zake, kwa maana Katiba ya nchi yake inamkataza mwenye madaraka kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Bunge. Ikabidi Bunge liamue, na zawadi zikapokewa kwa niaba ya taifa. Farasi waliuzwa, na fedha zikaingia hazina.

Fikra iliyomo katika kisa hiki ni nzito. Kinachomfikia mtu kwa sababu ya cheo chake si chake. Lakini tazama jinsi mwanadamu anavyokwenda pole katika kuifuata fikra yake mwenyewe! Farasi walihesabiwa kuwa mali ya umma tangu 1840, ilhali barua za marais ziliendelea kuwa mali yao binafsi. Washington alizichukua zake hadi nyumbani, zikarithiwa, na Bunge likalazimika kuzinunua kutoka kwa mrithi wake kwa mafungu mawili, mwaka 1834 na mwaka 1849. Ni mwaka 1978 tu ilipotungwa sheria ya kuzifanya kumbukumbu za rais kuwa mali ya taifa, nayo ikaanza kutumika kwa marais walioingia madarakani tangu Januari 1981. Hivyo barua nyingi zilizomo mikononi mwa wakusanyaji leo zilitoka nyumba kwa nyumba kihalali. Sheria haiwashtaki. Sisi tunauliza juu ya maadili, ambayo mara nyingi hufika kabla ya sheria, au huja baada yake kutafuta ilichosahau.

Hapa sasa inatupasa kukieleza kisa chetu.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia bibi mmoja jirani yetu, mzee wa makamo ya kuheshimika, ambaye alikulia Bujumbura katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Mkononi alikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe mlikuwa na barua moja. Barua hiyo aliandikiwa na kaka yake, dereva wa malori aliyekuwa akisafirisha mizigo kati ya Kigali na Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Kaka huyo, mke wake na mtoto wao wa kwanza waliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nyumba yao iliteketezwa na kila kilichokuwamo. Barua ilisalimika kwa sababu ilikuwa Bujumbura, kwenye mkebe.

Bibi hakuja ili tumsomee. Alikuja kuomba shauri. Mkusanyaji mmoja wa stempu alikuwa ameiona ile bahasha, akavutiwa na stempu yake na hasa muhuri wa posta uliokuwa umegongwa vizuri bila kuchafuka. Alitoa bei nzuri, tena kwa adabu. Barua hakuitaka, bahasha tu. Wakati huo paa la bibi lilikuwa likivuja na mvua za masika zilikuwa zimekaribia. "Mwalimu," alisema, "wewe ni mtu wa maandishi. Niambie, nikiuza ganda, tunda linaharibika?"

Tulijibu upesi, kama walimu tulivyozoea kujibu. Tulisema kwamba maneno ya marehemu yamo ndani ya barua, na bahasha ni ganda tu. Auze bahasha, aitunze barua, atengeneze paa. Naye akafanya hivyo. Paa lilitengenezwa, na hatutaki msomaji alisahau paa hilo, kwa maana halikuwa jambo dogo.

Baada ya mwaka mmoja hivi alikuja kwetu binti wa yule dereva, mtoto wa pili, ambaye mwaka 1994 alikuwa mdogo mno na aliokolewa na kulelewa na watu wengine. Alikuwa amempata shangazi yake, na shangazi akampa barua aisome. Kwa kuwa hakujua Kiswahili, alituomba tumfasirie. Tulisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Dereva alieleza kwamba yuko Dar es Salaam akingoja mzigo. Kwamba dereva mwenzake aliyetoka Kigali amempa habari kuwa mtoto amezaliwa salama. Kwamba yeye bado hajamwona lakini usingizi umemtoroka kwa furaha. Na kwamba anamwomba dada yake afikirie jina zuri la kumpa, maana siku ya nane, siku ya kumpa mtoto jina, bado haijafika.

Binti alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza: "Mtoto huyo ni mimi, au ni kaka yangu?"

Tuliitazama tena barua. Juu yake paliandikwa "Jumapili usiku" na si zaidi. Hapakuwa na tarehe wala mwaka. Jina la mtoto halikuwamo, kwa kuwa lilikuwa bado halijatolewa. Na hapo ndipo lugha yetu wenyewe, ambayo tumeisifu mara nyingi kwa wanafunzi kwamba haibagui mume na mke katika viambishi vyake, ilipotufungia mlango. "Mtoto amezaliwa." "Sijamwona." "Mpe jina." Hakuna hata silabi moja inayosema kama ni mvulana au msichana. Tulimwendea bibi, naye akakumbuka kwamba kaka yake alimwomba jina mara zote mbili. Watoto hao walipishana kwa miaka mitatu. Kitu kimoja tu kingeweza kujibu, nacho ni ule muhuri wa posta uliogongwa vizuri, wenye siku, mwezi na mwaka. Muhuri ulikuwa kwenye ganda.

Tulimtafuta yule mnunuzi. Alitupokea vyema na alisikitika kwa dhati. Bahasha alikuwa ameiuza pamoja na nyingine nyingi kwa mkusanyaji wa nchi ya mbali, naye hakuwa ameandika popote tarehe iliyokuwamo. Sisi wenyewe tuliishika bahasha ile mikononi mwetu, tukaisoma anwani yake. Tunakumbuka kwamba stempu ilikuwa na picha ya mnyama. Mwaka hatuukumbuki. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu angali nasi.

Tangu siku hiyo tumelifikiri swali la mwanafunzi wetu kwa namna nyingine. Watu wanapojadili barua ni mali ya nani, huwataja wadai watatu: mwandishi, mwandikiwa, na mwenye kuishika karatasi. Sisi tunaona yuko mdai wa nne, ambaye kwa kawaida hasikiki katika baraza hilo. Ni yule anayetajwa ndani. Binti yule hakuandika barua, hakuandikiwa, wala hakuirithi. Lakini hakuna mtu duniani aliyeihitaji kuliko yeye.

Mdai huyo wa nne yumo pia katika barua za viongozi wa Marekani, tena kwa wingi. Washington alikuwa bwana wa watumwa. Mwezi Mei 1796 kijana wa kike aitwaye Ona Judge alitoroka katika nyumba ya rais huko Philadelphia, akaenda New Hampshire. Rais aliandika barua kuagiza arudishwe, na mwanamke huyo hakurudi; aliishi huru hadi alipokufa mwaka 1848. Kwa mkusanyaji, barua ya namna hiyo ina thamani kwa sababu ya jina lililo chini yake. Kwa wazao wa watumwa, thamani imo katika jina lililo katikati. Yako majina ya watu ambao hawakuacha kaburi wala picha, ila mstari mmoja katika barua ya aliyewamiliki. Aliyekata sahihi na kutupa kilichobaki, alitupa watu hao pamoja na karatasi. Hakukusudia. Hata sisi hatukukusudia.

Yako mapingamizi mawili ambayo ni haki kuyajibu. La kwanza ni la siri. Martha Washington, mwenye haki ile ya kupeleka barua bure, anajulikana pia kwa jambo jingine: kabla ya kufa mwaka 1802 alizichoma karibu barua zote alizoandikiana na mumewe, na zilizopona ni chache mno. Je, alimdhulumu mtu? Sisi tunaona hapana. Barua ya madaraka ni ya umma kama farasi wa Seyyid Said, lakini barua ya chumbani ni ya wawili, na wawili wanaweza kuamua ife nao. Haki ya anayetajwa si haki ya kila mdadisi. Mjane aliyechoma barua alijua anachokichoma. Mtu anayekata au kutenganisha barua asiyoisoma hana udhuru huo.

Pingamizi la pili ni la umaskini, nalo ni zito zaidi. Ni rahisi kwa mtu mwenye paa zima kumwambia mwenye paa bovu kwamba asiuze urithi wake. Hatusemi hivyo. Bibi hakukosa. Mwenye haja ana haki ya kuuza kilicho chake, na hakuna makumbusho yaliyobisha hodi kwake yakiwa na mabati. Kosa lilikuwa la yule aliyekuwa na elimu, yaani sisi, na kwa kiasi fulani la yule aliyekuwa na fedha. Elimu na fedha ndizo zenye wajibu wa kutangulia kuuliza. Kama tungetumia dakika moja tu kuandika pembeni mwa barua tarehe ya muhuri, au kuipiga bahasha picha pande zote mbili kwa simu tuliyokuwa nayo mfukoni, bibi angepata paa lake, mkusanyaji angepata muhuri wake, na binti angepata jibu lake. Sharti alilowekewa Sprague miaka mia mbili iliyopita kwa wino na kalamu ya unyoya, sisi lilitushinda tukiwa na simu.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwanafunzi ni hili. Anayenunua barua hununua karatasi, na karatasi ni yake kweli. Aweza kuiweka katika fremu, kuionyesha kwa wageni, hata kuiuza tena. Lakini vilivyomo ndani yake, na vilivyo mgongoni mwake, vimewekwa kwake amana. Amana hairuhusu mkasi. Amana hairuhusu kutenganisha barua na bahasha bila kuacha nakala ya kila upande. Na amana humtaka mwenye kuishika afungue mlango pale anayetajwa, au mzao wake, anapobisha hodi. Anayekubali masharti hayo, na akusanye kwa moyo mkunjufu, nasi tutamshukuru kama tunavyowashukuru makarani wa Goa. Asiyeyakubali, hata akilipa bei kubwa namna gani, amenunua kitu asichokijua.

Tungependa walimu wenzetu wayapokee haya kama sehemu ya kazi yetu ya kila siku. Tunafundisha uandishi wa barua, na wanafunzi huona kwamba anwani na tarehe pembeni mwa ukurasa ni adhabu ya mtihani. Siku hizi tunapofika hapo huwaambia kwamba tarehe haiandikwi kwa ajili ya mwandikiwa, ambaye aghalabu anajua ni lini. Huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajazaliwa, au aliyezaliwa wiki iliyopita na hajapewa jina.

Yule binti sasa yumo katika darasa letu la jioni, safu ya mbele. Alisema hataki kusomewa tena, anataka kusoma mwenyewe, na ameweza. Barua huja nayo ndani ya mfuko wa plastiki. Huisoma kama iliyoandikwa kwa ajili yake, na sisi tulio walimu wake hatuna ushahidi wa kumwambia ndivyo, wala wa kumwambia sivyo.